Venice ilipobaki na wenyewe

Jumapili ya tarehe 23 Februari 2020, Carnevale ya Venice ilivunjwa ikiwa imebakiza siku mbili kwisha. Wavaa vinyago walikuwa bado wamejaa uwanja wa San Marco, wapiga picha wamewazunguka, ndipo mamlaka za mkoa wa Veneto zikatangaza kwamba sherehe zikome siku hiyohiyo. Siku mbili kabla, mzee mmoja wa Vo', mji mdogo ulioko upande wa pili wa Padova, alikuwa amefariki kwa korona, na Italia ikahesabu kifo chake cha kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Machi serikali ya Giuseppe Conte ikaufunga mkoa wa Lombardia na wilaya nyingine 14, Venice ikiwamo. Tarehe 10 ikawa zamu ya nchi nzima.

Ndivyo mji uliosimama juu ya visiwa zaidi ya 100, wenye madaraja zaidi ya 400, ambao makadirio ya kawaida yanaupa wageni zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, ulivyoamka hauna mgeni hata mmoja wa kuuliza njia.

Kutoka nyumbani kulihitaji fomu. Ulijaza jina, unakotoka, unakokwenda na sababu, ukaikunja mfukoni ukisubiri askari aiulize. Mwenye shida ya kitoweo alikwenda soko la Rialto, ambako wauza samaki na mboga waliendelea kupanga bidhaa. Waandishi wa habari na wapiga picha wao waliruhusiwa kupita kwa sababu za kazi, na hao ndio waliotuletea zile picha zilizozunguka dunia nzima: mfereji mkuu umetulia tuli, gondola zimefungwa kwenye nguzo zikiwa zimefunikwa turubai la buluu, njiwa wa San Marco wakirandaranda kwenye mawe matupu. Wapiga picha wengine, hata waliobobea, walibaki na dirisha.

Nimezitazama picha hizo kwa miaka kadhaa sasa. Tulizipenda kwa kuwa hazina watu, tukaandika chini yake kwamba dunia imepumua. Mimi thamani yake naiona kwa wale wachache waliomo, na katika jambo zilizolifichua bila kukusudia: kwamba Venice ilikuwa imeanza kuhamwa miaka mingi kabla korona haijabisha hodi.

Lakini kwanza tuitendee haki kazi yenyewe, maana kupiga picha mji mtupu si kubonyeza kitufe tu.

Venice ya siku za kawaida humlazimu mpiga picha kuvizia. Huamka kabla ya alfajiri, avuke madaraja na begi la lenzi mgongoni, awe amemaliza kazi San Marco kabla treni na mabasi ya asubuhi hayajashusha watu wa safari za siku moja. Saa nne ikifika, kwenye daraja la Rialto huoni mfereji, unaona migongo. Asiyetaka kuamka mapema ana mbinu nyingine. Anafunga kichujio cheusi mbele ya lenzi, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, anaiacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Mawe na kuta zinabaki pichani, watu wanaopita hawaachi alama. Au anapiga fremu kadhaa kutoka mahali pamoja bila kuisogeza kamera, kisha kompyuta inaokota kwa kila sehemu ile fremu ambayo hapakuwa na mtu amesimama. Kwa hiyo Venice isiyo na watu ilikuwapo tangu zamani kwenye kadi za posta na kalenda za ukutani.

Kilichokuwa kigeni mwezi ule wa Machi ni saa. Picha nyingi za zamani za Venice tupu zina mwanga wa alfajiri au ukungu wa baridi, na jicho limezoea kuupokea utupu wake kama usingizi wa kawaida wa mji. Zile za 2020 zina jua la mchana. Vivuli vifupi vya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vioo vya migahawa vinavyong'aa, milango ya chuma imeteremshwa, na saa ya mnara ikionyesha kwamba huu ndio muda ambao hapa pangekuwa hapapitiki. Mwanga huo ambao mpiga picha wa mandhari huukimbia ndio uliogeuka ushahidi.

Halafu kuna maji. Katika siku za kawaida mfereji mkuu haupati nafasi ya kutulia: boti za abiria, teksi za maji, boti za mizigo, za taka, za wagonjwa, kila moja na wimbi lake, na wimbi hilo ndilo Waveneti wanalolilalamikia miaka yote kwa kuguguna misingi ya nyumba. Boti zilipopungua, majumba ya marumaru yakajiona majini kuanzia paa hadi kizingiti. Wapiga picha waliinama wakashusha kamera karibu na uso wa maji, wakapata fremu ambayo nusu yake ni jengo na nusu ni kivuli chake. Kwa kuta zile, zilizojengwa ili zionekane kutoka majini, nadhani hizo ndizo picha za heshima kuliko zote zilizopigwa msimu ule.

Maji yakawa pia meupe. Watu waliona vijisamaki, kaa, hata yavuyavu akielea kwenye mifereji karibu na San Marco. Hapa uongo ukaingia. Ofisi ya meya ilieleza mapema kwamba maji hayakuwa yamesafishika. Tope lililokuwa likitibuliwa na boti lilikuwa limetua chini, basi. Setilaiti ya shirika la anga la Ulaya ilithibitisha upande wa boti: picha yake ya tarehe 13 Aprili 2020, ukiiweka pembeni ya ile ya tarehe 19 Aprili 2019, inaonyesha mifereji na bahari ya jirani bila ile mistari myeupe ya mawimbi ya vyombo. Ila mitandaoni maelezo ya tope hayakuwa na mvuto. Zikasambazwa picha za bata maji waliodaiwa wamerejea Venice, kumbe walipigwa Burano, kisiwa cha jirani ambako huonekana mara kwa mara. Zikasambazwa video za pomboo, kumbe ni za bandari ya Cagliari, kisiwani Sardegna, mamia ya kilomita kutoka hapo. Picha zote zilikuwa za kweli. Mahali palipoandikwa chini yake ndipo palipokuwa pa uongo, na mamilioni ya watu wakazituma kwa ndugu zao wakiamini.

Lenzi nayo huamua utupu uwe mkubwa kiasi gani. Lenzi pana husukuma kuta kando na kuutandaza uwanja, ukaonekana jangwa. Lenzi ndefu hukusanya vilivyo mbali na vilivyo karibu, watu wachache wakaonekana umati. Mwezi Aprili 2020 wapiga picha wawili wa Denmark walilionyesha jambo hilo mjini Copenhagen kwa kupiga foleni na mikusanyiko ileile kwa lenzi mbili tofauti. Katika picha moja watu wamebanana mabega, katika nyingine wameachiana nafasi ya kutosha. Ni watu walewale, mahali palepale. Msomaji wa gazeti aliyeiona moja tu alikuwa tayari na hukumu.

Basi mpiga picha mwenye dhamiri alifanyaje? Wengi waliofanya vizuri walimngoja mtu. Uwanja mtupu bila mtu hauna kipimo. Jicho halijui kama ni mpana au mwembamba. Akipita mama mmoja na kikapu chake, barakoa usoni, kila kitu kinajipanga: urefu wa nguzo, upana wa mawe, uzito wa siku yenyewe. Picha ya kwanza ya mji iliyonasa binadamu ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple mjini Paris, barabara yenye pilikapilika nyingi. Kwa kuwa kifaa chake kilihitaji dakika kadhaa za mwanga, magari ya farasi na wapita njia wote walipotea. Akabaki mtu mmoja aliyesimama pembezoni, mguu juu, anang'arishiwa kiatu. Yeye na mng'arisha viatu wake wamebaki pale kwa sababu walitulia mahali pamoja.

Waliotulia mahali pamoja Venice mwaka 2020 walikuwa akina nani?

Mwaka 1951 mji mkongwe wa Venice, bila kuhesabu upande wa bara, ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Korona ilipoingia walikuwa wamebaki kama 52,000. Karibu na Rialto kuna duka la dawa ambalo tangu 2008 limeweka dirishani kibao cha namba za umeme kinachotaja idadi ya wakazi waliosalia, na kwa miaka yote hiyo namba zimekuwa zikishuka. Waliohama wengi wao hawakufukuzwa na mtu. Kodi ilipanda, nyumba zikageuzwa vyumba vya kulaza wageni wa siku mbili tatu, duka la mkate likawa la vinyago vya kuuza, kijana akaoa akaenda kuishi Mestre kwenye bara, ambako anaweza kuegesha gari na kulipa pango.

Sasa zitazame picha zilizopigwa usiku katika majuma yale. Serikali imeamuru kila mtu awe nyumbani kwake. Mji ambao wakazi wake wote wako ndani ulipaswa kuwaka taa kila dirisha. Zipo picha ambazo ukuta mzima wa majumba hauna taa ila dirisha moja, pengine mawili. Giza lile si la karantini. Ni nyumba ambazo hazina mwenyewe wa kulala humo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo kamera iliyaona mwaka ule, na lilionekana kwa sababu tu wageni hawakuwapo kuliziba.

Mtengeneza filamu Andrea Segre, ambaye baba yake alikuwa mzaliwa wa Venice, alifika mjini hapo mwezi Februari 2020 kwa kazi nyingine, akitaka kushughulikia utalii na mafuriko, akakwama. Kutoka katika kukwama huko ikatoka filamu ya Molecole, iliyoonyeshwa tarehe 1 Septemba 2020, mkesha wa ufunguzi wa tamasha la filamu la Venice. Haishangilii ukimya. Inazungumza na watu wa mji na inamtafuta baba yake aliyekwisha kufa. Naiweka juu ya picha nyingi za siku zile, kwa kuwa inamjali aliyeko.

Mafuriko aliyoyafuata Segre yalikuwa bado mabichi. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2019 maji ya bamvua yakisukumwa na upepo yalipanda hadi sentimita 187, kiwango kilichopitwa tu na kile cha sentimita 194 cha Novemba 1966. Wenye maduka walikuwa hawajamaliza kukausha sakafu zao korona ilipofika. Kwa hiyo picha ya mgahawa uliofungwa mwezi Machi ni picha ya mtu aliyepigwa mara mbili ndani ya miezi minne. Maelezo ya chini ya picha mara nyingi hayakusema hivyo.

Mji huu una kumbukumbu ndefu ya maradhi. Mwaka 1423 ulitenga kisiwa kizima, Lazzaretto Vecchio, kwa ajili ya wagonjwa wa tauni. Tauni ya 1630 na 1631 iliua watu wapatao 46,000, karibu theluthi ya mji, na waliosalia wakajenga kanisa kubwa la Santa Maria della Salute kwa nadhiri. Kila tarehe 21 Novemba Waveneti huvuka mfereji kwenda huko kushukuru. Picha maarufu za utupu mwaka 2020 nyingi zina kuba la kanisa hilo kwa nyuma, na wengi tuliozitazama tuliliona pambo.

Na ipo picha moja ambayo sharti iwekwe pamoja na zote hizi. Tarehe 18 Machi 2020, huko Bergamo, kilomita zipatazo 200 magharibi mwa Venice, kijana mhudumu wa ndege alisimama kwenye roshani ya nyumba yake usiku, akapiga kwa simu msafara wa malori ya jeshi yakipita mtaani. Yalikuwa yamebeba majeneza kuyapeleka miji mingine, kwa sababu mahali pa kuchomea maiti pa Bergamo palikuwa pamezidiwa. Picha yenyewe ina giza, na haijapangwa kwa ufundi wowote. Lakini iliieleza Italia sababu ya mitaa mitupu kuliko maelfu ya fremu zenye maji ya kioo. Mhariri aliyechapisha gondola zilizotulia na kuyaacha malori yale aliwapa wasomaji wake nusu ya habari.

Huku kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, habari hiyo haikuwa ya mbali. Malindi na Watamu zimeishi na Waitaliano kwa miongo. Wapo vijana wa ufukweni waliojifunza Kiitaliano kabla ya Kiingereza, na mahoteli ya Kiwengwa, Unguja, yamekuwa yakitegemea ndege za kutoka Milano na Roma. Italia ilipofungwa, chumba kilikuwa kimefungwa Kiwengwa kabla kirusi hakijafika. Kenya ilisitisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020, na tarehe 6 Mei ikaufunga Mji wa Kale wa Mombasa, watu wasiingie wala wasitoke. Tanzania ilisitisha ndege za kimataifa mwezi Aprili, ikazifungulia tarehe 18 Mei. Zanzibar, iliyopokea wageni zaidi ya nusu milioni mwaka 2019, mwaka uliofuata haikufikisha hata nusu yao. Nyuma ya hesabu hiyo wapo mpishi, nahodha wa mashua ya kwenda Changuu, dereva, msusi, muuza viungo, na mama anayepeleka pweza hotelini.

Tofauti kati ya miji hii na Venice iko wazi, na ni ya kutushukurisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001, ilipokosa wageni haikukosa watu. Wazee walikaa barazani, watoto walipita vichochoroni, adhana iliitikiwa. Kilichokuwa kimefungwa ni maduka ya vinyago na milango ya hoteli. Mpiga picha aliyekuwa na macho angeweza kusoma pale, mlango kwa mlango, wapi bado pana familia na wapi pamekwisha kuwa mali ya msimu. Hesabu hiyo Venice waliipata wakiwa wamechelewa.

Wageni walirudi. Italia ilifungua mipaka yake kwa nchi za Ulaya tarehe 3 Juni 2020. Yapo mabadiliko yaliyofuata: tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa za watalii zimezuiwa kupita mbele ya San Marco, na tarehe 25 Aprili 2024 mji ulianza kuwatoza wageni wa siku moja kiingilio cha euro 5 katika siku maalumu zenye msongamano. Kuzuia meli ni jambo jema. Kiingilio sikioni kama dawa. Mji unaotoza kiingilio umekwisha kukubali kwamba ni mahali pa maonyesho. Wakazi nao wamezidi kupungua: mwaka 2022 idadi yao ilishuka chini ya 50,000.

Zanzibar ina mfano bora wa nini picha ya mji inaweza kufanya. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, imehifadhi sura za watu wa Mji Mkongwe kwa vizazi: harusi, watoto wa shule, wafanyabiashara, sherehe, mitaa yenye wenyewe. Anayetaka kujua nani aliishi wapi kabla nyumba hazijageuka hoteli ana pa kuanzia. Na ndiyo maana nawaomba wasomaji wa pwani jambo moja.

Wengi wenu mna picha za mwaka 2020 kwenye simu: Forodhani bila wageni, ufukwe wa Nyali umenyamaza, gati la Lamu, duka lililofungwa, baba aliyekosa kazi akiparua mashua yake. Simu zinaharibika. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupoteza ile taarifa ya ndani ya tarehe na mahali ilipopigwa, na baada ya miaka kumi mtu ataweza kuiandikia chini lolote, kama pomboo wa Cagliari walivyoandikiwa Venice. Itafuteni picha ya asili kwenye simu iliyopiga. Andikeni tarehe, mtaa, na kwa idhini yake jina la aliyemo na kazi aliyokuwa akiifanya. Mchapishe nakala moja ya karatasi iwekwe nyumbani, na nyingine muipeleke kwa watunza kumbukumbu: walioko Unguja, Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, walioko Mombasa, waulizeni watu wa makumbusho Fort Jesus. Anzeni na picha zenye watu.